Siku Zilizoshonewa Kitambaa

Kabla ya kusimulia habari za fundi wetu wa sare, sharti nieleze hali ya kazi yake, kwa kuwa asiyeijua hali hiyo atadhani kwamba mwanamke huyu alikuwa mkaidi tu.

Mwaka wa mshona sare una milango mitatu: Januari, mwisho wa Aprili na mwisho wa Agosti, yaani nyakati shule zinapofunguliwa. Milango miwili ya mwisho ni midogo. Watu hupita mmoja mmoja. Huyu anataka kifungo, yule anataka pindo la sketi lishushwe. Mlango wa Januari hauna kipimo. Mzazi wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, hanunui sare mapema, na si kwa uvivu. Mshahara wa Desemba hutoka, nauli ya kwenda magharibi mwa nchi hulipwa, sukari na unga wa ngano wa kuwapelekea wazee hununuliwa, na mtoto husafiri na nguo alizo nazo. Ni baada ya kurudi, siku mbili tatu kabla ya kengele ya kwanza, ndipo mama anapomvalisha shati la mwaka uliopita na kukuta mikono yake imeishia kwenye viwiko. Hapo mtaa mzima humiminika kwa fundi. Kwa hiyo Krismasi ilipokaribia na nyumba za Ziwani, mtaa wetu, zikatiwa makufuli, mlio uliobaki katika safu zetu ulikuwa wa cherehani. Mafundi wa sare hawakwenda kwao Desemba. Hakuna aliyewakataza, ilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba mlinzi hulala mchana.

Fundi ninayemkumbuka alikuwa na kibanda cha mabati mkabala na safu ya nyumba ambamo niliishi kwa miaka kumi na tisa nikifundisha katika shule ya upili. Aliwashonea wanangu watatu kuanzia darasa la kwanza hadi walipomaliza. Watu wazima walimwita Fundi, vijana walimwita Mathe. Jina lake nalijua, ila sikuwahi kulitumia mbele yake na sioni sababu ya kulitumia nyuma yake. Mumewe, ambaye sote tulimwita Mzee, alifanya kazi ya reli hadi alipostaafu, kisha akarudi kwao magharibi kutunza shamba. Yeye fundi alibaki na cherehani. Katika mtaa wetu ilikuwa kawaida mume akae mjini na mke akae nyumbani. Wao waliigeuza kawaida hiyo, na majirani hawakuchoka kulitaja jambo hilo.

“Fundi, lini utaoa wa pili?” walimuuliza.

“Huyu mmoja sijamaliza kumlisha,” aliwajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano.

Basi ndoa yao iliishi katika siku zile alizofunga kibanda. Siku hizo zikipungua, ndoa nayo ilipungua. Na kama kibanda kingefungwa mno, kisingekuwapo cha kuwalisha. Kila nitakachosimulia hapa kinahusu mizani hiyo.

Mwaka mmoja siku hizo zilikaribia kwisha kabisa. Hakwenda kwao Pasaka kwa sababu shule moja ilitaka masweta. Hakwenda wakati wa mavuno. Krismasi Mzee alichinja kuku wawili, akamngoja, kisha akawala pamoja na jirani. Siku ya mwaka mpya fundi alikuwa amesimama mbele ya meza yake akitandaza kitambaa cha kaptura. Yeyote aliyewahi kukata nguo anajua kwamba kitambaa chenye uso na mgongo hulazwa uso kwa uso, ili kila mkato utoe kipande cha kulia na cha kushoto kwa pamoja. Jambo hilo alilifanya kwa miaka mingi bila kulifikiria, kama mtu anavyofunga kamba za viatu. Siku hiyo alizilaza tabaka zote uso ukitazama juu, akapiga chaki, akakata. Alipoketi kushona alikuwa na vipande sitini, vyote vya mguu wa kushoto.

“Sikujua nimekosea, Mwalimu,” aliniambia baadaye. “Nilidhani vya kulia vimepotea. Nikavitafuta chini ya meza. Nikavitafuta ndani ya gunia la masalio. Kisha nikatoka nje nikamuuliza mama mboga kama ameviona.”

“Naye alisema nini?”

“Alinitazama hivi. Akasema, ‘Fundi, ungelala.’”

Alifunga kibanda tarehe nne Januari, wazazi wakiwa wamesimama mlangoni, akapanda basi la magharibi. Wapo waliosema kwamba amerogwa. Alikaa kwao siku tisa, na aliporudi wateja wengi walikuwa wamekwenda kwingine. Hakuwalaumu. Alichukua kalenda ambayo duka la vifaa vya ujenzi huwagawia wateja wake, akaitoa ukutani, akaja nayo nyumbani kwangu.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao niliushuhudia kila Februari, vumbi la Januari likishatulia. Watu wengi wenye biashara ndogo, ninavyofahamu, huanza na kazi: huandika maagizo yote, kisha hutazama ni siku zipi zimebaki za kuishi. Fundi alianza na siku za kuishi. Wiki mbili za Machi, za kupanda mahindi. Siku tano za Pasaka. Wiki mbili za Agosti, za kuvuna. Kisha, jambo ambalo mafundi wenzake waliliona kuwa wazimu, kuanzia tarehe kumi na nane Desemba hadi tarehe mbili Januari. Ni baada ya kuzitenga zote ndipo aliponiuliza shule zitafunguliwa lini.

Hakuzipaka rangi wala hakuzitia alama ya kalamu. Alikata kipande cha masalio kilichotosha kuzifunika tarehe hizo, akakilaza juu ya karatasi, akaipitisha kalenda chini ya sindano ya cherehani na kukishona pande zote nne. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo.

“Kalamu nitaibishia,” alisema. “Nitasema, hii siku moja tu, namshonea huyu. Lakini siku nisiyoiona siwezi kumuuzia mtu.”

Nikamuuliza pia kama kijani cha Machi na hudhurungi ya Desemba vilikuwa na maana. Alishangaa. “Ni masalio tu, Mwalimu.”

Mwaka wenyewe ulipangwa kuzizunguka siku zile. Kwa kuwa Desemba haikuwepo tena, Januari ilibidi ishonwe mapema. Tangu katikati ya mwaka, wakati mafundi wengine walipokaa milangoni wakipiga soga, yeye alikuwa akishona mashati meupe na kaptura kwa kufuata umri wa watoto, bila agizo la mtu, na kuzipanga rafuni. Vipimo vya watoto alivipokea hadi tarehe thelathini Novemba. Tangazo la mwisho wa vipimo nililiandika mimi kwa herufi kubwa, naye alilining’iniza mlangoni tangu Septemba. Jumanne alasiri alifunga. Saa kumi na mbili jioni alifunika cherehani kwa shuka, hata kama ilibaki mishono kumi.

Mwaka wa kwanza rafu ilibaki nusu. Wa pili ilibaki robo. Mtaa hujifunza polepole, lakini hujifunza.

Si wote waliojifunza. Namkumbuka baba mmoja kijana kutoka Dandora, aliyefika siku ya tano ya Desemba na kuwakuta watu wanne kwenye benchi, mimi nikiwa mmojawao.

“Niaje, Mathe.”

“Salama.”

“Niko na watoi wawili. Mashati mbili, kaptura mbili. Ni hizo tu.”

“Vipimo vilifungwa tarehe thelathini.”

“Aki Mathe. Ni siku tano tu nimechelewa.”

“Tano zako. Wewe ni mtu wa kumi leo. Kumi mara tano ni ngapi?”

“Hesabu mimi niliachia shuleni.”

“Basi sare hiyo ivae wewe, urudi shuleni ukaichukue.”

Benchi lilicheka, na kijana mwenyewe alicheka. Fundi aliinuka, akamtolea kutoka rafuni kaptura mbili na mashati mawili, ya umri wa miaka tisa na ya miaka kumi. Kijana alilalamika kwamba ni kubwa. “Mtoto si ukuta,” fundi alimwambia. “Mpe hadi Aprili.” Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo, na yote ilikuwa mifupi, kwa sababu aliisema akiwa ameshika pini midomoni.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa kupumzika. Sijamjua mtu aliyekosa kipaji cha kukaa bure kuliko yeye. Kanisani alisikiliza mahubiri huku vidole vyake vikipapasa mshono wa joho la mwanakwaya wa mbele, na safari moja alimfanya mwanakwaya huyo ageuke akidhani ameitwa. Hakuvaa nguo aliyoshona mwenyewe. Alivaa mitumba, na alipoulizwa alisema kwamba nguo za mikono yake anayajua makosa yake, na hataki kutembea nayo. Aliwahubiria mama mboga na kinyozi wa jirani kuhusu siku za kufunga, ilhali yeye mwenyewe, siku ya kufunga ilipofika, alikuwa wa mwisho kuondoka, akizunguka kibanda akitafuta uzi wa kuokota.

Na sheria yake ilikuwa na ufa ambao hakuuficha wala hakuutangaza. Mtoto aliyefiwa hakuambiwa tarehe. Akija shangazi kusema kwamba mazishi ni Jumamosi na mtoto hana nguo ya heshima, fundi alifunua cherehani wakati wowote, hata Jumanne, na alishona polepole kuliko kawaida. Nilipata kumwambia kwamba kanuni yenye ufa si kanuni. “Hata shati lina tundu la kichwa,” alisema, akaendelea na kazi.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo ndilo sababu ya mimi kuandika.

Utaratibu ule ulikuwa na miaka saba. Kibanda kilikuwa kikienda, ingawa si kama zamani, kwa sababu maduka ya mjini yalikuwa yameanza kuuza sare zilizoshonwa viwandani, na wazazi vijana walipenda kuzinunua humo pamoja na mikoba na viatu. Katikati ya Novemba alikuja mkurugenzi wa shule moja ya binafsi ya mtaa wa Baba Dogo. Shule yake ilikuwa inabadilisha rangi. Alitaka wanafunzi wote washonewe upya, sweta, shati, sketi na kaptura, na zote ziwe tayari Jumatatu ya kwanza ya Januari. Akifanikisha, mkurugenzi alisema, shule ni yake kila mwaka. Agizo kama hilo lingemwezesha fundi kununua mashine ya kufunga kingo za kitambaa, ambayo aliitamani kwa muda mrefu, na lingemwondolea hofu ya maduka ya mjini. Lakini hesabu ya siku haikuwa na pa kujificha: kazi hiyo isingewezekana bila Desemba yote.

Fundi alisema ndiyo.

Nilimkuta alasiri hiyo akifumua kile kitambaa cha hudhurungi kwa wembe. Karatasi ya Desemba ilikuwa imechanika kwenye pembe, na tarehe zilizokuwa zimefichwa zilionekana zimezungukwa na vitundu vya sindano. Alinipa benchi nikae, akampigia Mzee simu mbele yangu, akamweleza yote kwa urefu: shule, mashine, maduka ya mjini. Alipomaliza nikasikia sauti ya Mzee, ndogo, ikitoka kwenye simu.

“Sawa, Mama. Nimesikia.”

Hakusema zaidi. Fundi aliiweka simu juu ya meza, akaitazama.

“Angenigombeza,” aliniambia, “ningejua la kumjibu.”

Siku tatu zilizofuata hakumtania mtu. Ya nne alivuka barabara asubuhi akiwa amevaa viatu vya kanisani.

“Mwalimu, nisindikize Baba Dogo. Mkurugenzi anawaheshimu walimu. Nami nikisema ndiyo tena, unikanyage mguu.”

Mkurugenzi alitupokea vizuri, akaagiza chai. Fundi hakuigusa. Alikuwa amekuja na mapendekezo mawili, na aliyaeleza kwa ukamilifu uliokuwa mkubwa kuliko wa mikutano mingi niliyohudhuria. La kwanza: yeye apime na kukata nguo zote kabla ya tarehe kumi na saba, kisha mafundi wawili wa Dandora, ambao alijifunza kazi pamoja nao, wazishone kwa jina lake. La pili: azishone zote mwenyewe, ila azikabidhi mwisho wa Januari.

“Mama, mimi nataka mkono mmoja,” mkurugenzi alisema. “Fundi watatu ni kola tatu. Na wazazi watapiga picha siku ya kwanza, si mwisho wa mwezi.”

“Ninaelewa.”

“Sasa shida iko wapi? Krismasi huja kila mwaka.”

“Ndiyo. Na kila mwaka kuna mtu huniambia hivyo.”

Mkurugenzi alicheka, si kwa ubaya. Akakunja mikono juu ya meza. “Unajua naweza kumpata mwingine kabla ya saa sita?”

“Najua. Nikupe namba zao? Wawili nimekutajia, na wote wanashona vizuri.”

Alimpa namba hizo, akazirudia mara mbili ili zisikosewe, akashukuru kwa chai, akainuka. Sikuwa na haja ya kumkanyaga mguu.

Tulirudi kwa miguu hadi barabara kubwa. Viwanda vilikuwa vikibadilisha zamu, na tulilazimika kusimama kando kuwapisha watu waliokuwa wakitoka. Hapo, akiwa ameshikilia mkoba wake kwa mikono miwili, aliniuliza kama amefanya ujinga. Ningependa kuandika kwamba nilimfariji. Nilimwambia kwamba sijui. Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo ndilo jibu alilolitarajia kutoka kwa mtu aliyesoma.

Aliondoka tarehe kumi na nane, kama miaka mingine. Agizo lilikwenda kwa mtu ambaye hakuwa mmoja wa wale wawili. Januari watoto wa Baba Dogo walipigwa picha katika rangi yao mpya, na baadhi ya wazazi wa Ziwani waliokuwa na watoto katika shule ile walimhamia fundi yule mwingine kwa nguo zote. Machi, kabla ya kwenda kupanda, fundi wetu aliuza moja kati ya cherehani zake mbili. Hakulizungumzia, nami nilijua kwa sababu nilisaidia kuibeba.

Nilistaafu miaka miwili baadaye, nikahama Ziwani. Agosti ya mwaka jana nilikwenda magharibi kumzika mwalimu mwenzangu, na kwa kuwa nilikuwa nazijua siku za fundi kuliko ninavyozijua siku zangu, nilijua kwamba nitamkuta kwake. Nilielekezwa kwa urahisi. Walikuwa wameketi barazani, yeye na Mzee, beseni la mahindi katikati yao, wakipukuchua. Fundi alikuwa amenenepa kidogo. Miwani yake ilikuwa mipya.

“Karibu, Mwalimu,” Mzee alisema. “Umefika wakati mzuri. Nimepewa ruhusa ya kuzungumza hadi saa tisa.”

“Saa tisa unaipeleka baiskeli kutengenezwa,” fundi alisema. “Ni wewe uliyesema.”

“Nilisema wiki ijayo.”

“Wiki ijayo mimi sipo.”

“Unaona?” Mzee aliniambia. “Hata kustaafu kwangu ana vipimo vyake.”

Nilipewa kigoda na kazi, kwa kuwa kwa fundi hakuna mgeni asiye na kazi. Tulipukuchua. Niliulizia kibanda, akasema kwamba kazi imepungua lakini haijaisha, na kwamba amejifunza kushona majoho ya kwaya, ambayo hayana Januari. Nikamuuliza, kwa kuwa sikuwahi kuthubutu kumuuliza mjini, kama anaijutia Baba Dogo.

“Januari huwa naijutia,” alisema. “Mwezi huu siijutii.”

Alipoingia ndani kuandaa chai, Mzee alinisogelea.

“Siku ile aliponipigia simu,” alisema, “unaikumbuka?”

Nilisema naikumbuka, nilikuwa nimekaa benchini.

“Yeye alidhani nimekasirika. Mimi nilikuwa natafuta begi kwa macho. Nilikuwa nimeamua nitakuja Ziwani nikae naye humo kibandani hadi amalize. Begi nililifunga kesho yake.”

“Mbona hukumwambia?”

“Angenipa kazi ya kukata nyuzi.” Akacheka, kisha akatazama mlango alioingilia mkewe. “Baadaye alipokataa ile kazi, nikaona haya kumwambia. Kisha Machi akauza cherehani.”

Nilimwambia kwamba jambo kama hilo si la kumweleza mgeni kabla ya mwenyewe. Alikubali. Chai ilipokuja hakulisema, nami nilipoaga saa tisa bado hakuwa amelisema. Alinisindikiza hadi njiani, akiikokota baiskeli.

Alimwambia jioni hiyo. Fundi mwenyewe alinipigia simu kunieleza, na kunilaumu kwa kunyamaza. Wiki iliyofuata alirudi Ziwani, akafungua kibanda. Februari mwaka huu aliongeza wiki moja kwenye zile anazofunga, ya mwezi wa Juni, na katika wiki hiyo Mzee ndiye aliyepanda basi kwenda Ziwani.